Shingo Upande

Nyumbani, 3 Juni

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Dereva wa lori la mbao alishusha sanduku lako mlangoni jana mchana. Mama aliliona lilivyo, akadhani ni jeneza la mtoto, akaanza kulia kabla hajauliza. Nilipomwambia ni gitaa lako alinyamaza, halafu akaniuliza jambo ambalo na mimi nakuuliza: yeye mwenyewe atapiga nini huko msituni? Maana tangu nipate akili sijawahi kukuona umelala chumba hiki na gitaa lako likalala chumba kile.

Lakini asante, kaka. Umeniokoa. Kiongozi wa bendi alilichukua wiki iliyopita gitaa lake la akiba alilokuwa ameniazima, akaniambia bila kupepesa macho: "Chiriku, mpiga solo wetu amekwenda zake, nafasi ipo. Ila siwezi kumpa nafasi mtu asiye na chombo." Ukumbi mpya karibu na soko unafunguliwa mwisho wa Julai na sisi ndio tutakaopiga. Nikishindwa atakodi mtu kutoka bendi nyingine, nami nitarudi kule nyuma kutikisa manyanga.

Sasa shida. Umetuma shingo peke yake na mwili peke yake, na skrubu nne ndani ya soksi. Nimeunganisha kama ulivyoandika kwenye kikaratasi: shingo ndani ya kishimo chake, bamba la chuma mgongoni, skrubu nne, kaza. Nikafunga nyuzi, nikapiga. Huku juu karibu na kichwa, sawa. Nikishuka kuelekea mwilini, ule uzi mwembamba wa mwisho unateleza nje ya shingo. Naubonyeza, unachoropoka pembeni kama mtu anayetoroka kazini kabla ya muda. Nikitazama vizuri, naona nyuzi zote zimehamia upande mmoja. Kwenye uzi mnene kuna uwanja wa kuchezea mpira. Kwenye uzi mwembamba hapatoshi hata ukucha.

Nifanyeje? Dereva anarudi huko Ijumaa. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Chiriku


Kambini, 10 Juni

Chiriku,

Marahaba. Mwambie mama sijambo, kazi inakwenda, misumeno inalia kutwa. Huku hakuna nafasi ya kupiga gitaa. Tukitoka kazini tumechoka, ndiyo maana nimeona likae kwako badala ya kula vumbi. Hakuna zaidi ya hapo, msitafute maneno.

Tatizo lako ni dogo. Shingo ya kufungwa kwa skrubu huwa na uhuru kidogo ndani ya kishimo chake, na wewe umeikaza ikiwa imelala upande. Usilegeze nyuzi. Simamisha gitaa mapajani, legeza skrubu zote nne nusu mzunguko tu, shika kichwa cha gitaa usukume kushoto. Utasikia kama kitu kimekaa mahali pake. Kaza tena. Dakika tano, umemaliza.

Usiite fundi yeyote. Wewe ni karani wa stoo ya vipuri, kutwa umezungukwa na skrubu. Utashindwa na nne?

Kaka yako,
Ngongoti


Nyumbani, 17 Juni

Kaka,

Shikamoo. Dakika tano zako zimekula Jumapili yangu nzima.

Nimesimamisha gitaa mapajani. Nimelegeza. Nimesukuma kushoto. Nimesikia kama kitu kimekaa mahali pake, nikafurahi, nikakaza. Kulitazama, ule uzi mwembamba sasa haupo kwenye shingo kabisa, unaning'inia hewani kama kamba ya nguo. Kushoto kwa nani, kaka? Kwangu? Kwako? Kwa gitaa? Skrubu ziko mgongoni, kwa hiyo nililigeuza mgongo ndio unanitazama. Hukuandika nisiligeuze.

Nimerudia mpaka mama akapita na ndoo akasema hata shingo ya kuku haikunjwi hivyo. Na sasa skrubu moja imeanza kuzunguka bila kuuma, inazunguka tu, haiendi ndani wala haitoki. Leo kazini nimejaribu kila kitu kilichomo kwenye visanduku vyangu: skrubu za bawaba, za kitasa, za taa ya pikipiki. Nyingine ndefu, nyingine nene, nyingine hazina maana. Mkuu wa stoo amenikuta nimeinamia shingo ya gitaa chini ya meza akauliza kama hicho ni kipuri cha gari gani.

Kwa nini usije? Omba likizo siku mbili tu. Jambo hili ukilishika wewe mwenyewe litakwisha kabla chai haijapoa. Mimi nasoma barua, nakwenda kujaribu, nakosea, naandika, nasubiri lori. Hivi tutafika Krismasi.

Halafu mwandiko wako siku hizi unapanda mlima. Mistari yote inaanzia chini inaishia juu. Unaandikia wapi, juu ya goti?

Mdogo wako,
Chiriku


Kambini, 21 Juni

Chiriku,

Kushoto kwa mtu anayelitazama gitaa usoni. Nani anayetazama gitaa mgongoni? Haya, sahau kushoto, sahau kulia. Kichwa cha gitaa kiende upande wa uzi mnene. Uzi mnene. Sijui niseme vipi tena.

Hiyo skrubu inayozunguka, tundu lake limelika. Chonga njiti za kiberiti, zipake gundi ya mbao, zitumbukize tunduni, ziache zikauke siku nzima, kisha rudisha skrubu ileile. Rudisha za watu visandukuni.

Likizo haipo. Msimamizi hataki kulisikia neno lenyewe. Na meza yangu ina mguu mmoja mfupi, ndiyo maana mistari inapanda. Umekuwa mwalimu wa mwandiko?

Msalimie mama. Mwambie nakula vizuri.

Ngongoti


Nyumbani, 27 Juni

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo usomapo ukiona maneno makali ujue ni makali kwelikweli.

Nilifanya yote. Njiti, gundi, uzi mnene. Na ikakubali! Uzi mwembamba ukarudi ndani, nikapiga juu mpaka chini, safi. Nilimbusu mama. Jana nikaenda mazoezini kichwa juu. Wimbo wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu, pale ninapotakiwa kuingia peke yangu wote wakinisubiri, uzi ukachoropoka. Nikaurudisha, ukachoropoka tena. Shingo imerudi kulekule ilikotoka! Mpiga besi akasema kwenye kipaza sauti, "Chiriku, uzi wako umekwenda haja?" Wakacheka wote. Kiongozi hakucheka. Alisimamisha wimbo akanitazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Nimemwita seremala wetu jirani. Najua ulisema nisimwite mtu. Ameingiza ukucha ndani ya kishimo akasema pana nafasi upande mmoja, shingo haina cha kuegemea, ukiisukuma inakaa kwa muda kisha nyuzi zinaivuta. Na ukutani mwa kishimo, upande wa uzi mnene, kuna alama ya gundi kavu. Ameuliza swali na mimi nakupelekea kama lilivyo: ulipoifungua shingo, ndani palikuwa na kitu chochote? Kibao, karatasi, kitu?

Kama hapakuwa na kitu, yeye anasema dawa ni kutoboa matundu mapya. Atakuja Jumatatu na keekee yake. Kama una neno, liseme kabla.

Na kuna lingine. Kila nikikuomba uje una sababu. Mara msimamizi, mara kazi. Nimeanza kufikiri kwamba hutaki kuniona nimesimama mbele na gitaa lako. Labda na wewe unaona kama wale wa bendi kwamba mwanamke anatoshwa na manyanga. Kama ndivyo, ungelibakisha kwako.

Chiriku


Kambini, 1 Julai

Chiriku,

USITOBOE.

Lori lilikwama kwenye matope, barua yako imenifikia leo mchana, na leo ndiyo Jumatatu. Naandika hivyohivyo. Ndani hapakuwa na kitu. Niliifungua mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikaona kwa macho yangu: mbao tupu. Huyo seremala wako akatengeneze vitanda. Shingo ile ikitobolewa ovyo imekufa, na hakuna nyingine.

Ati sitaki usimame mbele. Nani alikushika vidole ukiwa huwezi hata kulibeba? Nani aligombana na baba mdogo siku aliposema gitaa si la wasichana? Usinichokoze, Chiriku. Kuna mambo huyajui, na si lazima uyajue yote.

Usitoboe.

Ngongoti


Nyumbani, 4 Julai

Kaka,

Barua yako imefika leo. Seremala alikuja Jumatatu akaondoka. Hakuna kilichotokea. Gitaa liko salama.

Chiriku


Nyumbani, 8 Julai

Mwanangu Ngongoti,

Barua hii anakuletea mdogo wako mwenyewe. Hajui imeandikwa nini, nimeifunga. Ukiwa unaisoma basi yuko mbele yako, na sanduku lile.

Amekuandikia kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwepo. Seremala alitoboa tundu moja, keekee ikaenda upande, mtoto akapiga ukelele, nikamtoa yule baba nje na vyombo vyake. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anakaa na lile gitaa mapajani kama mtu anayeuguza. Usimgombeze mbele ya watu.

Mkuu wa stoo amempa ruhusa kwa shingo upande. Gitaa lenyewe lina shingo upande. Na mimi nimemwacha apande lori kwa shingo upande. Nyumba nzima imepinda, mwanangu.

Sasa na wewe. Nilimuuliza dereva, "Mwanangu hajambo?" Akasema hajambo. Nikauliza, "Anapiga gitaa la nani huko?" Akaanza kunieleza habari za matairi. Mtu niliyemuuliza gitaa akanijibu matairi, nimwelewe vipi? Sijui unaficha nini, lakini nimekuzaa. Mwambie mdogo wako hata kama mimi hutaki kuniambia.

Mama yako


Kambini, 11 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama. Kaa chini ndipo uendelee kusoma, na usilie mpaka ufike mwisho, maana yeye ni mzima, anakula, anatembea na anagomba kama kawaida.

Dereva alinishusha kwenye lango la kiwanda. Nilidhani nitamkuta kwenye misumeno, wakanionyesha kibanda cha mabati pembeni, anakokaa karani anayeandika magogo yanayoingia. Nikachungulia. Alikuwa anaandika, na karatasi ameikandamiza kwa jiwe. Aliponiona alisimama, na jambo la kwanza alilofanya ni kutia mkono wa kushoto mfukoni. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Nikadhani amenuna.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuletea ugonjwa wako uutibu mwenyewe," nikasema, nikamsukumia sanduku.

Alilipokea kwa mkono wa kulia. Likamwelemea, na ule mwingine ukatoka mfukoni wenyewe kwenda kulidaka.

Mama, vidole vitatu havipo. Cha shahada, cha kati na cha pete. Ni msumeno, tangu mwezi wa nne. Limebaki dole gumba na kile kidogo cha mwisho, na ngozi ya pale katikati inang'aa kama ya mtoto mchanga.

Sikulia. Niligomba mpaka watu wa magogo wakageuka. Nikamwambia, "Umeniandikia kushoto, umeniandikia njiti za kiberiti, umeniandikia uzi mnene, na hili ukaona halina nafasi kwenye karatasi?"

"Ungefanya nini?" akasema. "Ungeniotesha vingine?"

Akakaa kwenye kigoda chake, akasema taratibu, "Nilitaka lile gitaa liendelee kupigwa na mtu asiyenihurumia. Barua zako zilikuwa zimejaa matusi. Nilikuwa nazingoja."

Hapo ndipo nilipolia kidogo, lakini yeye hakuona, alikuwa anasoma barua yako.

Tulinuniana mpaka saa ya chakula. Mpishi wa kambi, mtu mnene mwenye sauti ya kuchuja mchanga, analala chumba kimoja na kaka. Alipoliona sanduku mezani akachangamka. "Kumbe limerudi! Siku ile lilinitoa jasho. Skrubu zile zilikuwa zimeng'ang'ania, nikakaribia kutumia shoka."

Nikamgeukia kaka. "Kwa mikono yangu miwili," nikamkumbusha.

Kaka akatazama sahani yake.

Kumbe, mama, siku lilipofunguliwa yeye alikuwa amelala zahanati na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alimwomba mpishi alifungue, alifungashe, alitume. Hakuliona. Nikamuuliza mpishi, "Ndugu, ulipotoa shingo, ndani palikuwa na kitu?"

"Hapana. Mbao tu. Na kile kijiti."

"Kijiti gani?"

"Kijiti chembamba, kimebandikwa ukutani upande wa nyuzi nene. Kilibanduka chenyewe. Nikaona takataka, nikakitupa jikoni."

Kaka alifumba macho. Gitaa lile alilipata kwa mzee aliyeacha muziki, na miaka yote hakuwahi kuifungua shingo, kwa hiyo hakujua kama kuna kijiti kinachoishikilia. Angeniambia ukweli tangu mwanzo, ningemwandikia mpishi. Badala yake mimi nimemaliza mwezi nasukuma shingo isiyo na cha kuegemea, nimechekwa mbele ya bendi, nimemwita seremala. Nilitamani kumpiga na sahani.

Asubuhi, kiwanda kikiwa kimepumzika, tulianza. Alipoifungua tu soksi ya skrubu na kuigeuza shingo, akaliona tundu.

"Na hili?"

"Seremala."

"Uliniandikia hakuna kilichotokea."

"Na wewe uliniandikia mikono miwili."

Tukaliziba kwa kijiti na gundi, hatukulizungumza tena.

Sasa cheka kidogo, mama. Tuko kwenye kiwanda cha mbao, mbao zimepangwa juu kuliko nyumba yetu, na hatukupata kipande cha ukubwa wa ukucha. Kila nilichookota kaka alikikataa. "Mbichi. Ikikauka itasinyaa, utarudi palepale." Mwisho mpishi akaenda jikoni akarudi na mwiko wake wa zamani, umekauka kwa moto wa miaka mpaka umekuwa kama mfupa. Akauweka mezani akaondoka bila kutazama nyuma.

Kaka alitaka kuchonga yeye. Akabana kipande kwa dole gumba na kile kidole kidogo, kisu kikapita, kipande kikaruka. Akajaribu tena, kikaruka. Mara ya tatu alikitupa kisu ukutani. Mimi nilikaa. Sikukiokota, maana nilijua nikikiokota tutagombana. Alikaa pale akihema, kisha akainuka akakiokota mwenyewe, akaniwekea mkononi.

"Chonga wewe. Nitakuambia."

Cha kwanza kilikuwa kinene, shingo ikakataa kuingia. Cha pili kilivunjika. Cha tatu kikawa chembamba mno, kinacheza. Mwiko ukazidi kuwa mfupi. Kaka hana subira ya kufundisha, mama, na mimi sina subira ya kufundishwa. "Nimekwambia upande mmoja tu!" "Upande upi?" "Huo!" "Huo upi?" Watu waliopita walidhani tunagawana urithi. Cha nne kiliingia kwa kusukumwa kidogo na dole, kikatulia.

Akabana mwili wa gitaa kwa mapaja, akaegemeza kile kiganja chake juu yake lisitikisike. Mimi nikawa na bisibisi. Yeye akafumba jicho moja akatazama nyuzi kutoka mwisho mpaka mwanzo. "Upande wa uzi mnene. Kidogo. Hapo. Kaza. Usikaze kwa hasira."

"Leo sina namna nyingine ya kukaza."

Likakaa, mama. Kila uzi katikati ya njia yake.

Basi akalipakata kulijaribu, kwa mazoea tu. Mkono wa kulia ukaenda kwenye nyuzi, wa kushoto ukaenda kwenye shingo, ukagusa, ukasimama. Nikahamia upande wake wa kushoto, nikaweka vidole vyangu shingoni. Nikasema, "Piga." Akasema, "Acha upuuzi." Nikasema, "Nimesafiri siku nzima juu ya magunia. Piga."

Akapiga ule wimbo wake wa zamani ambao wewe, ukipiga pasi, ulikuwa unamwambia apunguze sauti. Mwanzoni ilikuwa aibu. Mimi nachelewa, yeye anawahi, ananiambia nina vidole vya kufungia mizigo, namwambia yeye ana haraka ya kwenda wapi. Tukarudia, tukagombana, tukarudia. Halafu ukaenda. Bila umeme sauti ya gitaa hili ni ndogo kama ya mbu, lakini ulikwenda mpaka mwisho, na uzi ule haukutoka hata mara moja. Alianza tena tangu mwanzo, na tena, mpaka ncha za vidole vyangu zikawaka moto. Sikumwambia kama zinaniuma.

Hakutaka nikuandikie haya. Nimemwambia zamu ya kuficha imekwisha. Narudi na lori la Jumamosi.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, 15 Julai

Mwanangu,

Mdogo wako aliandika nikae chini ndipo nisome. Nimesoma nimesimama, na nimesimama mpaka sasa.

Siku uliyozaliwa, kabla hujafungua macho, vidole vyako nilivihesabu mimi kwanza. Daktari alikuwa bado ananawa. Leo unavipoteza, unamwambia mpishi, unamwambia dereva, unamwambia msimamizi, na mimi unaniandikia kwamba unakula vizuri. Nani alikuosha kidonda? Nani alikesha nawe usiku? Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kuna mtu alifanya kazi yangu na simjui hata kumshukuru.

Sikuulizi kwa nini. Najua kwa nini. Wewe na baba yako mliumbwa kwa udongo mmoja, mkiumia mnajificha kama paka. Lakini nimeshamwuguza mmoja wa namna hiyo, sitaki kuanza upya.

Uje nyumbani. Sikuombi, nakuambia.

Mama yako


Nyumbani, 29 Julai

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Jumamosi tulipiga.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kiongozi alikuwa amemweka tayari mtu wa kukodi, kavaa shati lenye maua, kakaa kiti cha mbele na gitaa lake miguuni akinisubiri nikosee. Nilimwona wimbo wote wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulipofika, mahali pangu palipofika, nilikwenda chini kabisa karibu na mwili, kwenye uzi ule ule, nikaubonyeza kwa hasira zote za tangu mwezi wa sita. Ukakaa. Nikauvuta, ukalia, ukakaa. Mpiga besi alinitazama akasahau kupiga.

Wimbo wa tano umeme ukakatika. Ndiyo, kaka. Baada ya mwiko, baada ya lori, baada ya kila kitu, umeme ukakatika nikiwa katikati ya sehemu yangu nzuri kuliko zote, na nikabaki nakwaruza chuma kisichotoa sauti mbele ya umati mzima. Watu waliendelea kuimba na ngoma. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Haukurudi tena. Nililia kwenye ngazi za nyuma, na sioni aibu kukuambia.

Kiongozi alinikuta hapohapo. Hakunipa pole wala hongera. Alisema, "Mazoezi Jumanne. Usichelewe." Yule wa shati la maua alikuwa ameshaondoka. Nimeuliza kila mtu maneno yale yana maana gani, wote wanasema nafasi ni yangu, lakini huyu mtu angepungukiwa nini akilisema?

Kuna mahali kwenye wimbo wa pili nilikosea mpito wa kutoka ubeti kwenda kiitikio. Hakuna aliyesikia. Wewe ungesikia, na ungeninyima usingizi kwa sababu yake. Nilitafuta uso wako kwenye umati, kwa ujinga tu, nikijua haupo.

Mama hajakutajia, lakini amekitandika kitanda chako.

Mdogo wako,
Chiriku


Kambini, 2 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Mpito wa wimbo wa pili huwa unaukosea kwa sababu unaukimbilia. Nimekwambia tangu zamani uhesabu, husikii.

Kuhusu umeme, pole. Nilisoma hapo mara mbili, nikapiga meza ngumi, jiwe langu la karatasi likaangukia mguu wa mpishi. Anakusalimu akiwa anachechemea.

Nisikudanganye tena. Sijapoa. Kila asubuhi nikifunga vifungo vya shati naghadhibika upya, kama vile imetokea jana. Mpishi alizoea kunifungia, nikamkataza, sasa nachelewa kazini kila siku na msimamizi anajifanya hana saa. Jana kifungo cha kola kilinishinda nikaliacha shati wazi, nikakaa kibandani na nafsi yangu mpaka mchana. Uliponifuata huku nilitaka kukurudisha na lori lilelile. Nilikuwa nimeuzoea ukimya. Siku ile ulipoondoka ndipo nilipougundua ulivyo mbaya.

Nimekwenda kwa msimamizi kuomba likizo. Sikuwa nimemwomba hata mara moja, ule wote ulikuwa uongo wangu. Alitia sahihi bila kuinua kichwa, akasema alikuwa anashangaa nimekawia wapi. Napanda lori Ijumaa ijayo. Nitakaa kiasi watakachoniruhusu, na Jumanne nitakuja mazoezini, nikae nyuma kabisa, na usinitambulishe kwa mtu.

Mwambie mama nakuja. Asiwaite majirani. Asilie mlangoni, kama ni lazima alie, alie chumbani. Na nikikaa mezani asinikatie nyama vipande vidogovidogo kama mtoto. Nitakata mwenyewe. Itachukua muda, kisu kitateleza, nitatukana, chakula kitapoa. Nyinyi kaeni palepale mnisubiri.

Kaka yako,
Ngongoti